Mwenye Moteli Aliyefukuzwa Kazi: Mwaka 1981 wa Tamthilia ya "Crossroads"

UTANGULIZI

Katika jamii yenye matabaka, kila kazi ya sanaa hubeba alama ya tabaka lililoigharamia. Jambo hili tumelisema mara nyingi juu ya riwaya, ushairi na filamu. Lakini tumezoea kuhakiki zile kazi ambazo mabwanyenye wenyewe huziita kubwa. Kazi ndogo, zinazoingia nyumbani kwa mfanyakazi kila jioni wakati anavua viatu, tumeziacha zipite kana kwamba hazistahili jicho la kada. Hilo ni kosa. Riwaya husomwa na wachache, tena mara moja. Tamthilia ya kila siku hutazamwa na mamilioni, na kesho yake hurudi tena.

Makala haya yanachunguza tamthilia moja ya Kiingereza iitwayo Crossroads, na hasa mwaka wake wa 1981. Wakati ule ilionyeshwa jioni za siku za kazi, mara tatu kwa juma. Tumeuchagua mwaka huo kwa sababu ndani yake ukinzani uliokuwa umefichwa kwa muda wa miaka 17 ulijitokeza hadharani. Katika hadithi, mama mmoja alikuwa mwenye mali. Katika maisha, mwigizaji wa mama huyo alikuwa mwajiriwa tu, na mwezi Juni mwaka ule aliambiwa aondoke. Jambo hili halikusahaulika. Mwaka 2023 televisheni ya Uingereza ilionyesha mchezo wa sehemu tatu uitwao Nolly, uliotungwa na Russell T Davies na kuigizwa na Helena Bonham Carter, juu ya kisa hicho hicho.

Hoja yetu ni moja. Wahakiki waliodharau tamthilia hii walidharau mahali pasipostahili. Walimcheka mtazamaji na mwigizaji, wakamwacha mwenye kiwanda. Mhakiki mwenye msimamo wa kitabaka anapaswa kuanza upande mwingine.

KIWANDA CHA TAMTHILIA

Crossroads ilianza kuonyeshwa tarehe 2 Novemba, 1964. Watungaji wake walikuwa Hazel Adair na Peter Ling. Ilitengenezwa na kampuni ya ATV katika studio zake za Birmingham, mji mkubwa wa viwanda ulio katikati ya Uingereza. ATV haikuwa shirika la umma kama BBC. Ilikuwa kampuni ya wenye hisa, na mapato yake yalitoka katika matangazo ya biashara.

Asili ya michezo ya aina hii imo katika jina lake. Huko Marekani katika miaka ya 1930, makampuni ya sabuni, Procter & Gamble ikiwa mojawapo, yaligharamia michezo ya redio ya kila siku ili mama wa nyumbani asikilize huku akifua na kupika. Ndiyo sababu mpaka leo wenye lugha ya Kiingereza huiita michezo hiyo kwa jina la sabuni. Basi tuelewe jambo hili tangu mwanzo. Kampuni ya namna hii haiuzi mchezo kwa watazamaji, bali inawauza watazamaji kwa wenye sabuni. Mchezo ni chambo tu.

Mwanzoni Crossroads ilitolewa mara tano kwa juma, Jumatatu hadi Ijumaa. Sehemu tano kwa juma ni zaidi ya 250 kwa mwaka. Kila moja ilihitaji kuandikwa, kufanyiwa mazoezi, kupigwa picha na kupelekwa hewani, na kabla mwigizaji hajapumua mswada mwingine ulikuwa mezani. Pembeni mwa mji huo huo wa Birmingham palikuwa na kiwanda cha magari cha Longbridge, ambako mfanyakazi alisimama mahali pamoja na magari yakapita mbele yake moja baada ya jingine. Studio ya ATV ilifuata utaratibu ule ule, ila kilichopita mbele ya wafanyakazi wake kilikuwa maneno.

Kasi hiyo ilikuwa na matokeo yake. Kurekodi kulikwenda mfululizo kama mchezo wa jukwaani, kwa sababu kukata na kuunga mkanda kuligharimu fedha na muda. Mwigizaji akisahau neno, alijikwamua mwenyewe na kuendelea. Kuta za moteli zilikuwa za mbao nyembamba, na ikawa mzaha wa taifa zima kwamba mlango ukifungwa kwa nguvu ukuta hutikisika. Wahakiki wa magazeti ya London walizicheka kuta hizo kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1980 mchekeshaji Victoria Wood alitunga vichekesho vyake viitwavyo Acorn Antiques kwa kuigiza makosa ya namna hiyo. Waliocheka hawakuuliza ni nani aliyekataa kununua mbao nene.

Mwaka 1967 mamlaka iliyosimamia televisheni za makampuni ilipunguza sehemu ziwe nne kwa juma, na mwaka 1980 zikawa tatu, kwa matumaini kwamba ubora ungepanda. Mikanda mingi ya miaka ya mwanzo ilifutwa, na sehemu zile zimepotea moja kwa moja. Huu ni ushahidi mwingine wa namna kampuni ilivyoithamini kazi hiyo. Bidhaa ikishauzwa, jasho lililoitengeneza halina kumbukumbu.

MOTELI KAMA PICHA YA JAMII

Tuingie sasa katika maudhui. Moteli ni hoteli ya kando ya barabara kuu, ambako msafiri huegesha gari karibu na mlango wa chumba chake. Moteli ya Crossroads iko katika kijiji cha kubuni kiitwacho King's Oak, karibu na Birmingham. Mwenye moteli ni Meg Richardson, mjane mwenye watoto wawili, Jill na Sandy. Tangu 1964 Meg aliigizwa na Noele Gordon, na Jill aliigizwa na Jane Rossington, ambaye sauti yake ikijibu simu ya moteli ndiyo ya kwanza kusikika katika sehemu ya kwanza kabisa.

Mwanzoni watungaji waliweka dada wawili. Meg alikuwa na moteli. Kitty alikuwa mtu wa maisha ya kawaida, pamoja na mumewe na mwanawe. Palikuwa na mbegu ya hadithi ya kitabaka hapo, damu moja katika hali mbili za uchumi. Mbegu hiyo haikukuzwa. Baada ya muda familia ya Kitty ilififia, moteli ikabaki peke yake katikati ya jukwaa, na wengine wote wakapimwa kwa umbali wao kutoka katika dawati la Meg.

Wafanyakazi wamo tele katika tamthilia hii. Yuko Amy Turtle wa usafi, yuko Diane mhudumu wa mezani, wako wapishi, na yuko Benny, kibarua wa kutoka shambani. Kwa jambo hili Crossroads inastahili sifa, kwa maana katika kazi nyingi za mabwanyenye mpishi huonekana mkono tu, ukiweka sahani mezani. Hapa mpishi ana jina, ana hasira, ana mapenzi. Lakini tutazame wanavyohusiana na mwenye mali. Meg si bepari machoni mwa mtazamaji, ni mama. Umiliki wake unaonyeshwa kuwa mzigo aliobebeshwa, wala si haki ya kuchuma jasho la wengine. Mfanyakazi akipata tatizo, huenda kwa mama, mama humsikiliza, na mara nyingi jambo huishia humo ofisini kwake.

Hatusemi kwamba tamthilia hii ilikuwa kipofu. Ilitaja matatizo mengi ya jamii, na mengine kwa ujasiri. Lakini tatizo lililoingia kwa mlango wa moteli lilivuliwa kwanza nguo yake ya kitabaka. Likawa tatizo la mtu mmoja, lenye chanzo katika tabia ya mtu mmoja, na dawa yake ikawa moyo mwema wa mtu mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya kiitikadi ya moteli. Hakuna haja ya kumwambia mfanyakazi kwamba ubepari ni mzuri. Inatosha kumzoeza, jioni baada ya jioni, kuona kwamba kila ugomvi ni wa watu wawili na kila bosi ni mzazi.

Linganisha na mji uliokuwa nje ya studio. Mwezi Novemba 1979, katika kiwanda cha Longbridge, kiongozi wa wafanyakazi Derek Robinson alifukuzwa kazi baada ya kupinga mpango wa kampuni wa kufunga viwanda na kupunguza watu. Mwaka 1981 wasio na kazi nchini Uingereza walikuwa zaidi ya milioni 2.5, na Januari 1982 idadi yao ilivuka milioni 3. Mkoa wa Birmingham, uliokuwa ukijivuna kwa viwanda vya vyuma na magari, uliumia vibaya. Baba aliyekaa mbele ya televisheni jioni ile, barua ya kuachishwa kazi ikiwa mfukoni, aliijua tofauti iliyopo kati ya bosi na mama.

YALIYO MEMA YASIFICHWE

Uhakiki wa kweli hauogopi kutaja mema ya kazi inayohakikiwa. Mwaka 1972 Sandy, mwana wa Meg, alipata ajali katika hadithi na kubaki katika kiti cha magurudumu. Kwa miaka iliyofuata mamilioni ya Waingereza walimwona kila juma mtu mwenye ulemavu akifanya kazi, akipenda na kukasirika kama wengine. Hilo halikuwa limezoeleka katika michezo ya aina hii. Na halikuishia kwenye kioo. Mwaka 1974, katika mji wa Rugby, ulianzishwa mpango wa kupeleka wasaidizi nyumbani kwa walemavu ili ndugu wanaowauguza wapate kupumzika. ATV ilitoa pauni 10,000 za kuanzia, na mpango ukachukua jina la Crossroads. Baadaye ulienea sehemu nyingi za nchi. Roger Tonge, aliyemwigiza Sandy, alifariki dunia mwanzoni mwa 1981. Kwa hiyo mwaka tunaouzungumzia ulianza kwa msiba.

Vile vile katika suala la rangi. Oktoba 1964, wiki chache kabla ya sehemu ya kwanza kuonyeshwa, jimbo la Smethwick, linalopakana na Birmingham, lilichukuliwa na mgombea wa Conservative katika kampeni iliyojaa chuki ya wazi dhidi ya wahamiaji. Februari 1965 Malcolm X alikwenda mwenyewe Smethwick kujionea. Aprili 1968, mjini Birmingham, Enoch Powell alitoa hotuba yake mbaya dhidi ya watu weusi na Waasia. Miaka miwili baadaye, 1970, Crossroads ilimwingiza Melanie, msichana mweusi aliyelelewa na Meg kama mtoto wake, akiigizwa na Cleo Sylvestre. Baadaye akaja Joe McDonald, fundi wa magari, aliyeigizwa na Carl Andrews. Kumweka binti mweusi katika nyumba ya mama mpendwa wa taifa, katika mkoa ule na katika miaka ile, halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo mpaka wake unaonekana. Mtu mweusi aliingia King's Oak mmoja mmoja, kama mgeni wa wema wa Meg au mwajiriwa wa gereji. Hakuingia kama jamii yenye historia, madai na uongozi wake. Aprili 1981 vijana wa Brixton, London, walipambana na polisi. Julai moto huo ulifika Handsworth, ndani ya Birmingham yenyewe. Uchungu wa vijana wale ulihitaji zaidi ya chumba kimoja katika nyumba ya mama mwema.

Na yuko Benny, aliyeigizwa na Paul Henry. Ni kibarua mwenye kofia ya sufu, mzito wa kuelewa, mwepesi wa kuonewa. Watazamaji wengi walimpenda kwa huruma. Lakini huruma isiyoambatana na heshima hugeuka haraka kuwa dharau. Baada ya vita vya mwaka 1982 vya kugombea visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza huviita Falklands, askari wa Kiingereza waliowekwa kule waliwaita wakazi wa visiwa hivyo "Benny", maana yake watu wa shamba wasio na akili. Tena hao ndio watu ambao dola ilidai kwenda kuwaokoa. Picha ya mnyonge iliyotengenezwa kwa ajili ya burudani ya jioni ilikuwa imegeuka tusi mdomoni mwa jeshi.

MWAKA WENYEWE

Kufikia 1981 Noele Gordon alikuwa ameigiza Meg kwa miaka 17. Alikuwa na umri wa miaka 61. Meg alipoolewa katika hadithi mwaka 1975, harusi ilipigwa picha katika kanisa kuu la Birmingham, na umati mkubwa ulijaa barabarani kumtazama bibi harusi ambaye kila mmoja alijua si bibi harusi wa kweli. Wakati wa kilele chake tamthilia ilikadiriwa kuwa na watazamaji wapatao milioni 15.

Mwezi Juni 1981 kampuni ilimwambia kwamba mkataba wake hautafanywa upya. ATV yenyewe ilikuwa katika msukosuko. Mwishoni mwa 1980 mamlaka ya televisheni iliilazimisha ijipange upya, na tarehe 1 Januari, 1982, ikaanza maisha mapya kwa jina la Central. Wakuu walitaka sura mpya, na tamthilia iliyochekwa na magazeti waliiona kuwa aibu. Mwanamke aliyewaingizia mapato kwa miaka 17 aliwekwa kando kama makapi ya muwa.

Hapa ndipo ukinzani tulioutaja ulipojitokeza. Katika moteli, Meg aliamua nani aajiriwe na nani aondoke. Katika studio, Noele Gordon hakuwa na sauti hata juu ya mwisho wake mwenyewe. Tamthilia ilikuwa imewafundisha watazamaji kwamba penye ugomvi wa kazi, mtu huenda kwa mwenye mali, huzungumza naye, na utu hushinda. Sasa waliona wenye mali wa kweli wakikataa. Kwa miaka 17 Meg alikuwa amehubiri kwamba bosi ni mzazi. Kufukuzwa kwa Noele Gordon kulivunja mahubiri hayo kwa siku moja.

Kisha kampuni ikafanya jambo la ajabu. Ilikigeuza kifo cha ajira ya mtu kuwa bidhaa. Tarehe 5 Novemba, 1981, usiku ambao Waingereza huwasha mioto kukumbuka njama iliyoshindwa ya mwaka 1605, moteli iliungua katika hadithi. Watazamaji waliachwa wakiamini kwamba Meg amekufa ndani. Wengi walilia. Tarehe 11 Novemba akaonyeshwa yu hai, ndani ya meli kubwa ya QE2 katika bandari ya Southampton, akimuaga binti yake na kuanza safari. Wale waliokuwa wakipinga kufukuzwa kwake walivutwa wote kukaa mbele ya kioo kuona mwisho utakuwaje, na kati ya machozi na machozi walionyeshwa matangazo ya biashara.

NANI ALIYELIA, NA KWA NINI

Simu na barua za malalamiko zilimiminika kwa kampuni na kwa magazeti. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1968 kampuni ya Thames ya London ilipoikata tamthilia hii, watazamaji walipiga kelele, akiwemo mke wa Waziri Mkuu Harold Wilson, mpaka ikarudishwa. Lakini waliokuwa wakiitegemea zaidi hawakuwa wake wa mawaziri. Walikuwa akina mama wa nyumbani, wafanyakazi wanawake, na wazee wanaoishi peke yao.

Mtafiti mmoja alikwenda kuwaona. Dorothy Hobson alikuwa katika kituo cha utafiti wa utamaduni cha Chuo Kikuu cha Birmingham, kituo kilichoongozwa mpaka 1979 na Stuart Hall, mwanazuoni wa mrengo wa kushoto aliyezaliwa Jamaica. Hobson hakukaa maktaba. Aliingia katika nyumba za watazamaji akaitazama Crossroads pamoja nao, na kitabu chake kilitoka mwaka 1982. Alichokikuta kinafaa kutafakariwa na kila kada. Mchezo ulionyeshwa saa ile ile ambayo mama anapika na kulisha watoto. Mama hakukaa kitini akiduwaa. Alikuwa jikoni, sikio moja kwenye televisheni, akitupa jicho mara kwa mara, akijaza mwenyewe yale ambayo macho yameyakosa. Makosa aliyajua vizuri. Aliubishia mchezo, akalinganisha na yaliyompata yeye au jirani yake, akatoa hukumu. Hobson akahitimisha kwamba maana ya mchezo haikai ndani ya mkanda peke yake. Mtazamaji naye huizalisha.

Wahakiki wa magazeti hawakuliona hilo, kwa sababu walitazama mchezo wakiwa wamekaa, chakula chao kikipikwa na mtu mwingine.

Mwandishi wa makala haya naye amewahi kufanya kosa hilo, na inafaa alikiri. Miaka kadhaa iliyopita, katika semina moja, nilisimama nikasema kwamba tamthilia za kutoka nje ni kasumba tupu na kwamba anayezitazama amekwisha lewa. Mama aliyekuwa akitupikia, ambaye kila jioni aliharakisha vyombo ili aiwahi tamthilia yake, alinisubiri nje. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tunajua kuwa ule ni mchezo. Ninyi ndio mnaodhani hatujui. Mimi nikimtazama yule mama mkwe wa kwenye televisheni, ninamfikiria wa kwangu. Wewe umewahi kuniuliza ninachokifikiria?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimama kuwatetea wanyonge bila kumwuliza mnyonge hata mmoja.

UDHAIFU WA MALALAMIKO

Je, basi tuseme kwamba mtazamaji ana nguvu zote, na umiliki si kitu? La. Hilo nalo ni kosa, na katika miaka iliyofuata wasomi wengi wa Ulaya na Marekani walilitumbukia. Walifurahia mno uhodari wa mtazamaji wa kutunga maana mpaka wakasahau kuuliza nani anachukua faida.

Yaliyotokea 1981 yanaweka mambo mahali pake. Watazamaji walikuwa mamilioni. Walikuwa na akili, walikuwa na uchungu, walikuwa na hoja. Lakini kila mmoja alipiga simu yake na kuandika barua yake akiwa peke yake, kama mteja asiyeridhika na bidhaa. Hawakuwa na chombo. Sheria iliwapa nafasi ya kusikilizwa, haikuwapa nafasi ya kuamua. Kampuni ilingoja kelele zipungue, na zilipungua. Noele Gordon alionekana tena kwa muda mfupi mwaka 1983 katika sehemu zilizopigwa picha Venice, akafariki mwezi Aprili 1985. Tamthilia iliendelea bila yeye, ikabadilishwa mara hii na mara ile, na tarehe 4 Aprili, 1988, ikafungwa baada ya sehemu zaidi ya 4,000. Ilifufuliwa mwaka 2001 na kampuni nyingine, ikazimwa tena 2003. Hakuna hata moja kati ya maamuzi haya iliyopigiwa kura na watu waliokuwa wakiipikia chakula cha jioni.

Inafaa pia tukumbuke kwamba kelele za 1981 zilimhusu mwigizaji mmoja maarufu. Mwaka ule ule maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya mkoa ule ule waliondolewa kazini bila moto wa kuigiza wala meli ya kuwaaga. Pengine baadhi ya akina mama waliomlilia Meg walikuwa wakiwalilia waume zao kwa njia ya Meg. Tamthilia iliwapa mahali pa kulilia. Haikuwapa mahali pa kukutana.

HITIMISHO

Mambo matatu tunaweza kuyachukua katika uhakiki huu.

Kwanza, tuchunguze kiwanda kabla ya bidhaa. Ukuta unaotikisika ni matokeo ya uamuzi wa uchumi kabla haujawa kosa la sanaa. Anayecheka mbao nyembamba bila kuuliza bei yake anamtumikia aliyezinunua.

Pili, tusichanganye kuipinga itikadi ya mchezo na kumdharau anayeutazama. Itikadi ya moteli, kwamba mwenye mali ni mzazi, inapaswa kupingwa kwa nguvu zote, nayo bado imo katika tamthilia nyingi za leo, zenye majumba makubwa na wafanyakazi wa ndani watiifu. Lakini haja inayomfanya mtu aitazame ni haja ya kweli. Anataka kujua majirani wanaishije, kuona uchungu wake ukichukuliwa kwa uzito, na kupata cha kuzungumza kesho kazini. Kada anayeikejeli haja hiyo amekwisha jitenga na umma, hata kama maneno yake yote ni ya kimapinduzi. Wajibu wake ni kukaa na watu wakitazama, kuwauliza wanaona nini, na kuendeleza mazungumzo kutoka pale walipofikia.

Tatu, uelewa bila chombo hauamui chochote. Watazamaji wa Crossroads walijua ukweli kuliko wahakiki wao, na bado walishindwa, kwa sababu studio, mitambo na mikataba vilikuwa mikononi mwa wengine, nao hawakuwa wamejiunga. Swali la nani anamiliki vyombo vya utamaduni na kwa utaratibu gani watu wanashiriki katika kuviongoza halijibiwi kwa kuandika barua za malalamiko. Wala halijibiwi kwa kuvikabidhi kwa ofisi isiyowasikiliza watu, hata ikiwa ofisi hiyo imeandikwa jina la umma mlangoni.

Meg Richardson alipanda meli akaondoka. Noele Gordon alirudi nyumbani bila kazi. Mtazamaji aliyewaona wawili hao katika mwanamke mmoja alikuwa amefika karibu na somo kubwa la uchumi wa siasa. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye jikoni na kulisoma somo hilo pamoja mpaka mwisho.